Salmonella kwenye minofu ya sangara: kuotesha, kipande, PCR au bayosensa?

mpima_minofu
Wakuu, nalinganisha njia nne za kupima Salmonella kwenye minofu ya sangara inayosafirishwa ikiwa mibichi. Kuotesha kunakula siku tatu hadi tano, na samaki hasubiri. Muuzaji mmoja ananadi bayosensa (kifaa kinachonasa bakteria na kutoa ishara ya umeme) ya dakika 30. Naomba hesabu, matangazo nimeshasoma.

pipeti200
Mkuu, hizo dakika 30 zinaanza kuhesabiwa lini? Wanunuzi wengi wanataka Salmonella isionekane ndani ya gramu 25. Unapondaponda gramu 25 kwenye mililita 225 za maji ya peptoni, unapata takriban mililita 250. Tuseme humo mna bakteria mmoja. Bayosensa inapokea tone la mikrolita 50, yaani sehemu moja kati ya 5,000. Hata elektrodi (sehemu ya kifaa inayosoma ishara) iwe kali namna gani, bakteria hayumo kwenye tone!

Kwa hiyo utaotesha kwanza saa 16 hadi 20, nyuzi 34 hadi 38. Unachookoa ni hatua zinazofuata za ISO 6579-1, kiwango cha kimataifa cha kusaka Salmonella kwa kuotesha: siku ya MSRV (nyuzi 41.5) na MKTTn (nyuzi 37), vyakula vinavyopendelea Salmonella, siku ya sahani ya chakula cha XLD kusaka makoloni yenye kiini cheusi, halafu uthibitisho.

bi_agari
Kipande cha mistari miwili, ndugu yake kile cha malaria, ni rahisi na hakihitaji mashine. Ila mara nyingi kinataka bakteria kuanzia 100,000 hata milioni 10 kwa mililita, hivyo otesho moja huenda lisitoshe.

PCR, njia ya kunakili DNA ya bakteria mpaka ionekane, huona kuanzia 1,000 hadi 10,000 kwa mililita. Ina kasoro mbili: husoma hata DNA ya bakteria waliokufa, na mabaki ya samaki huweza kuizuia isifanye kazi. Udhibiti wa ndani (DNA ya kujaribia inayowekwa kwenye kila kipimo) usipotokea, usiandike "hasi". Rudia kwa DNA iliyopunguzwa mara 10.

dhahabu_safi
Nitetee bayosensa kidogo, maana hata kipima sukari cha kidole ni bayosensa. Ya bakteria huenda hivi: mililita 1 ya mchuzi uliooteshwa, mikrolita 20 za vishanga vya sumaku vyenye kingamwili, zungusha dakika 30. Vuta kwa sumaku dakika 3, mwaga, osha mara mbili kwa PBS (bafa ya maji ya chumvi) yenye Tween 20 (aina ya sabuni) asilimia 0.05. Rudisha kwenye mikrolita 100: umekoleza mara 10 na umeacha uchafu mwingi nyuma.

Kinachoharibu ni uso wa dhahabu wa elektrodi. Protini na mafuta ya samaki yakigandia pale, ukinzani wa umeme hupanda kana kwamba bakteria wamenaswa, nawe unapata chanya ya uongo. Ziba nafasi zilizo wazi kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 1 kabla ya sampuli. Vishanga vyenyewe navyo hupandisha ukinzani, kwa hiyo kila mara endesha kipimo cha mchuzi wa sangara safi wenye vishanga, bila bakteria. Tofauti na hicho ndiyo jibu lako. Kapovu ka hewa juu ya elektrodi nako kanatosha kukudanganya.

mpima_minofu
Basi muuzaji nimuulize nini?

pipeti200
Mawili. Kiwango chake cha kugundua kilipimwa kwenye bafa au kwenye samaki? Bafa haina mafuta, kila kifaa hung'aa humo. Pili, kimelinganishwa na ISO 6579-1 kwa utaratibu wa ISO 16140-2, ule wa kuhakiki njia mbadala? Kama hapana, kitumie kwa uchunguzi wa ndani tu. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya Salmonella hii hii, kwa hiyo mzigo usiuachilie kwa kifaa ambacho mnunuzi hakitambui. Kama mashine ya PCR ipo, mimi naanza nayo.

bi_agari
Na mchuzi wa jana msimwage. Uwekeni kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Chanya ya kifaa chochote cha haraka inathibitishwa kwa kuotesha kutoka chupa hiyo hiyo.