Tupeane uzoefu: gari mpya za doria Iringa hadi Tunduma, wenye usukani mnazionaje?

Fuso la Viazi (mwanzisha uzi, Njombe)

Kamwene wakuu. Madereva, makonda, utingo na ninyi mnaopanda basi mkalala hadi Mbeya, karibuni. Siku hizi ukishapita Ruaha Mbuyuni mpaka Tunduma unakutana na mikonga mipya ya polisi, zile Land Cruiser za bodi nyuma, vimulimuli juu, namba za PT bado zinang'aa. Sitaki tubishane polisi ni wazuri au wabaya, uzi wa hivyo upo kila wiki. Semeni yaliyowakuta: ulilikuta wapi, saa ngapi, likakusaidia au likakuharibia safari.

Naanza. Tochi ya kupima mwendo tumeshaizoea. Trafiki akijibanza pale kibao cha 50 kinapoanza, wa kwanza kupita anawasha taa, wa pili naye anawasha, na huko nyuma wote tunatembea kama msafara wa harusi. Tukishampita, mguu unarudi palepale. Sasa hili linalotembea huwezi kumwashia mwenzako taa ukamwambia liko wapi, maana likifika kwake limeshahama. Juzi nilikuwa naitafuta Makambako, mbele semi mbili, nyuma yangu basi linanipigia taa na honi nilipishe, na mimi nina mzigo. Ghafla likatulia. Likanifuata kwa adabu zote hadi Nyororo. Nachungulia kioo, kumbe mkonga umeingia nyuma yake. Askari hawakusimamisha mtu wala kuandika chochote.

Mimi naziunga mkono, ila zitembee. Likipaki tu, limekuwa tochi ya bei ghali.

Semi Tatu Ekseli (Tunduma)

Mkuu umegusa penyewe. Nibebe mzigo wa Kongo au wa Zambia, shida yangu haijawahi kuwa mchana. Ni Kitonga usiku. Ukiwa umejaza, mlima ule unapanda na gia ya chini kabisa, mtu anayetembea kwa miguu anakuacha. Hapo ndipo wanapanda nyuma. Mmoja anakata kamba, mwingine anachana turubai, wa tatu yuko chini anapokea. Wewe kwenye kioo huoni kitu, zile kona zinakugeuza kila saa, na ukisimama katikati ya mlima kuondoka tena ni shughuli. Utingo wangu alizoea kushuka na nondo, anatembea pembeni ya tela mpaka juu. Kijana wa watu, baridi ya saa tisa, na hao jamaa wana mapanga.

Usiku mmoja tumefika katikati nikaona bluu inazunguka nyuma. Nikajua nimekwisha, wanataka makaratasi. Wapi. Wakaja taratibu, wakakaa nyuma ya tela, vimulimuli vinawaka, tukapanda hivyo hivyo hadi juu. Tulipotoka kwenye kona wakanipita, mmoja akanyoosha mkono, wakageuza kurudi chini kuchukua semi nyingine. Hakuna aliyeniuliza leseni wala stika ya bima. Utingo alishangaa hadi Ilula.

Lakini niseme na la pili. Safari iliyofuata nililikuta mchana kweupe, limepaki kivulini nje ya kijiji, askari wawili na tochi yao, wanakamata wa 58 kwenye 50. Elfu thelathini, kontro namba, endelea na safari. Kazi ile hata kiti cha plastiki kinaitosha. Usiku huohuo Kitonga hapakuwa na mtu.

Konda Mstaafu

Ulizeni kwanza kama lina mafuta. Sisi tulivunjiwa duka, nikapiga simu kituoni, nikajibiwa gari lipo zima kabisa, ila tank kavu, kama nina chochote niwasaidie waje. Wilaya siitaji, na wala siyo ya huko mnakofikiria. Gari jipya bila bajeti ya dizeli ni la kuoshwa tu.

Dada wa Kiwira

Naomba na sisi wa magari madogo tusikilizwe. Nauza vitenge Mwanjelwa, jioni narudi na IST yangu njia ya Tukuyu. Wanaoijua wanajua: kona, ukungu, migomba imebana barabara huku na huku, na ukishatoka Uyole sehemu nyingine hazina taa hata moja. Mwanamke peke yako, saa mbili usiku, mtu anakupungia mkono katikati ya lami amevaa koti la mvua. Utajuaje ni askari? Zamani nilikuwa nawasha hazadi, natembea taratibu bila kusimama mpaka penye watu, halafu najieleza. Kuna aliyenielewa, na kuna aliyenifokea mbele za watu kwamba nakimbia polisi.

Hizi mpya angalau naziona. Zina maandishi ubavuni na namba ya PT mbele na nyuma. Wiki iliyopita wamenisimamisha karibu na pa kuuzia ndizi, askari akaja upande wangu, akasema habari za jioni dada, akataja jina lake, akaniambia taa yangu ya nyuma kushoto imekufa, nitaparamiwa na lori. Nilipomwambia fundi wangu yuko Kiwira akasema haya, tangulia. Wakanifuata mpaka pale njia panda. Ndaga fijo kwao.

Nina swali tu: kwa nini hawawashi taa ya ndani ya gari wanapokusimamisha usiku? Nione nyuso.

Bajaji Mafiati

Dada yangu, wewe una IST. Sisi gari hilo tunaliangalia bodi ya nyuma, kwa sababu ndiko tunakopakiwa. Kutoka Nsalaga hadi Ifisi wanajenga njia nne, vumbi, michepuko, foleni haijui asubuhi wala jioni. Ukikwepa shimo ukaingia upande wa waenda kwa miguu, mkonga huo hapo. Bodaboda wakiliona wanatawanyika hata wenye leseni na kofia mbili. Halafu lenyewe likikwama kwenye foleni linapiga king'ora tulipishe. Tulipishe twende wapi, mtaroni?

Mzee wa Iwambi

Shikamoo hamnipi, lakini marahaba.

Mimi nimeendesha malori tangu barabara hii haijawa na msongamano, sasa nimepumzika Mbalizi. Ninyi mnazungumzia mwendo na wezi. Sisi tunaoishi chini ya mlima tunasikiliza breki. Mwaka 2018 tulizika watu hapa, mtakumbuka. Gari la doria, liwe jipya namna gani, haliwezi kusimamisha lori ambalo breki zimeshapata moto. Dereva anakanyaga hadi chini, pedo laini, gari linaongeza mwendo tu.

Kinachoanzisha jambo hili si mteremko, ni dizeli. Tajiri anakupimia mafuta ya safari, na wewe unataka yabaki lita kadhaa uuze njiani. Kwa hiyo mlimani unatoa gia, unashuka fri, unategemea breki peke yake. Sheria yetu ya zamani ilikuwa mlima unashukwa kwa gia ile ambayo ungeupandia. Injini ndiyo inashika, breki unagusa na kuachia.

Sasa nilichokiona, na hapa nawapa haki yao: kuna siku wamekaa na gari lao juu, kabla mteremko haujaanza, wanasimamisha malori yapumzike, wanawaachia mmoja mmoja. Askari mmoja, mwenye umri kidogo, alikuwa anainama anaweka kiganja karibu na ringi. Akihisi joto, paki pembeni. Dereva akabisha, akaambiwa basi shika wewe mwenyewe. Hakushika.

Hapo ndipo pa kuliweka hilo gari. Juu ya mlima, kila siku.

Lami Tupu

Dubai polisi wana Lamborghini. Italia nao wanayo, mwaka 2020 waliibebea figo ya mgonjwa kutoka Padova hadi Roma. Sisi tunashangilia mkonga.

Semi Tatu Ekseli

@Lami Tupu waletee hiyo Lamborghini waipitishe Mgololo mwezi wa tatu, tukaivute kwa trekta.

Dereva wa Basi (Mbeya–Dar)

Fuso la Viazi, lile basi la honi silo langu, lakini ngoja niwatetee wenzangu. Basi lina kifaa cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini. Nikivuka 80 kinalia, abiria wanasikia, na ofisini wanaona. Nina kitufe changu cha utambulisho, kwa hiyo hakuna kusema alikuwa mwenzangu. Sasa mimi niliyefungwa kamba hivyo, doria inanifuata ya nini? Anayenipita kwenye mstari usiokatika pale msitu wa Sao Hill, ukungu hauoni mita ishirini, ni V8 ya kigogo. Huyo hana kifaa. Anapita, anapigiwa saluti.

Na tangu tulivyoruhusiwa kutembea usiku mwaka 2023, mimi naona faida ya doria ni moja kubwa: lori bovu. Mtu anaharibikiwa kwenye kona, anakata majani anayatupa barabarani, halafu analala chini ya tela. Mvua ikinyesha yale majani huyaoni. Nimeshakuta mkonga umesimama nyuma ya lori la namna hiyo karibu na Igawa, vimulimuli vinaonekana kutoka mbali. Nilipunguza mapema na abiria wangu hawakuamka.

Dada wa Kiwira

Hiyo ya V8 mbona hakuna anayemjibu?

Konda Mstaafu

Atamjibu nani, na yeye mwenye V8 yumo humu anasoma.

Fuso la Viazi

Nimewasoma wote. Mzee wa Iwambi, shikamoo. Hilo la kiganja kwenye ringi nitamwambia kijana wangu anayeshika gari la pili, maana naye dizeli yake huwa inabaki kimiujiza. Ila kwa Bajaji Mafiati sina jibu. Mjini doria ya mkonga naona haina kazi mpaka hiyo njia nne iishe, wangepewa pikipiki. Anayepita Igawa hadi Chimala usiku aendelee kutupa habari, kipande hicho sijasikia mtu akikisema sana.

Semi Tatu Ekseli

Chimala nipo kesho kutwa, nitaleta. Kwa walioko Iringa sasa hivi: Kitonga semi imelala kona za juu, wanapitisha upande mmoja kwa zamu. Mkonga upo, askari wanaongoza. Mwenye abiria anunue maji Ilula kabisa, foleni ni ndefu.