Naomba ushauri: mpangaji anataka kuleta mjusi mwenye sumu

Habari za jioni wakuu. Nina nyumba ya kupangisha hapa Njiro, Arusha. Mpangaji wangu anataka kumleta mjusi wake wa Gila kutoka Marekani. Kanionyesha picha: mnene, ngozi kama shanga, nyeusi na chungwa. Mzuri, ila ana sumu taya la chini, na akiuma anang'ang'ania. Angekuwa bustani ya nyoka Meserani ningeelewa, lakini sebuleni?

Najua yumo Kiambatisho II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), hivyo hasafirishwi bila kibali. Mtendaji wa mtaa nilipomuuliza alicheka tu: "Si kenge huyo?"

Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, kibali cha kumfuga nyumbani kinaombwa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) kabla hajaingia nchini? Na akikutwa bila kibali, mwenye nyumba naye anashikwa?