"Halb zwei" ni saa ngapi hasa? Na nikiulizwa "hajapata?", nijibu ja (ndiyo) au nein (hapana)?

BintiNgamiani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni Mtanga, niko Leipzig, Ujerumani, mwaka wa pili sasa, nasomea uuguzi na huku nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Cheti cha Kijerumani cha B2 ninacho, sarufi nimeisoma mpaka usiku wa manane, kwa hiyo naomba msinirudishe kwenye vitabu. Kinachonisumbua ni maneno madogo ya kila siku, yale ambayo hakuna anayekufafanulia kwa sababu wao wamezaliwa nayo.

La kwanza ni saa. Mwezi uliopita mwenzangu alinipigia jioni, akaniomba nimshikie zamu ya kesho yake, niingie "halb zwei". Nikapiga hesabu yangu ya siku zote: zwei ni saa nane, halb ni nusu, basi saa nane na nusu mchana. Nikafua, nikapika wali, nikapanda tramu bila haraka. Nafika, makabidhiano yamekwisha zamani. Dada wa zamu ya asubuhi keshavaa koti, kasimama mlangoni ananingoja mimi tu, na mwanawe anamngoja yeye chekechea. Kumbe halb zwei ni saa saba na nusu! Niliona haya, maana dada yule ndiye aliyenifundisha kugeuza mgonjwa bila kumuumiza. Na huku Leipzig hawakuishia hapo, wana "viertel zwei" na "dreiviertel zwei". Mwanafunzi mwenzetu ni Mjerumani mtupu, katoka Köln, naye anasema kwao hawasemi hivyo, alipohamia huku ilibidi ajifunze.

La pili ni namba. Mwenzangu anapima presha, mimi naandika. Anasoma "hundertfünfunddreißig zu fünfundachtzig", yaani mia na tano na thelathini kwa tano na themanini. Mkono wangu unaikimbilia ile tano kabla thelathini haijafika, naandika 153 kwa 58 badala ya 135 kwa 85. Nakata, naandika upya. Fomu ya mgonjwa si daftari la shule, haipendezi kukatwakatwa.

La tatu ndilo lililoniliza. Tuna bibi mmoja wa miaka 91, jioni anameza kidonge cha presha. Mwenzangu akaniuliza kwa sauti kutoka koridoni: "Hat sie die Tablette noch nicht bekommen?" Bado hajapata kidonge? Nikajibu "Ja!" Kwetu ukiulizwa "hajala?" na kweli hajala, unasema "ndiyo, hajala" au "eeh, bado". Yeye akasikia ja, akaelewa keshapata, akatia alama kwenye karatasi. Saa mbili usiku nakwenda kumfunika blanketi, bibi ananiuliza: kidonge changu cheupe cha leo kiko wapi? Tukafungua kisanduku chake, kimo vilevile kwenye kitundu cha jioni. Akapewa, hakudhurika. Lakini nilikaa kando ya kitanda chake nimemshika mkono mpaka akasinzia, nikiwaza: je, ingekuwa kinyume, akapewa mara mbili? Na wengine mle ndani hawana kumbukumbu ya kuuliza kama yeye.

Naomba mliokaa huku miaka mingi mniambie mnavyofanya kichwani. Si kwamba nataka Kijerumani kizuri. Nataka nisimkosee mzee wa watu.

Fundi wa Altona

Marahaba mwanangu. Mimi nilishuka Hamburg 1986 nikiwa fundi mitambo melini, nikabaki. Umenigusa, kwa sababu kosa lako la tatu nililifanya mimi kiwandani mwaka wangu wa kwanza. Msimamizi akauliza, valvu ile haijafungwa? Nikajibu ja, maana kweli haikuwa imefungwa. Akafungulia mvuke. Aliyekuwa karibu aliruka kando, na Mungu alisaidia. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako.

Tuanze na saa. Tupa hilo "na nusu". Kiswahili chetu kinajua kuitaja saa ambayo bado haijafika: tunasema saa nane kasorobo, na saa nane yenyewe haijagonga. Mjerumani anafanya vivyo hivyo, ila yeye anaanza mapema zaidi. Kwa hiyo ukisikia halb zwei, sema moyoni "saa nane kasoro nusu". Dreiviertel zwei ni saa nane kasorobo, hiyo unayo tayari. Viertel zwei ni saa nane kasoro robo tatu, yaani saa saba na robo. Mimi huiona kama glasi: ile saa inayokwenda kwenye zwei inajazwa maji, kwanza robo, halafu nusu, halafu robo tatu, ikijaa ndiyo zwei. Hapa Hamburg wengi wanasema "Viertel nach eins" (robo baada ya saa saba) na "Viertel vor zwei" (robo kabla ya saa nane), rahisi zaidi. Hayo ya viertel zwei utayakuta huko kwenye majimbo ya Sachsen na Thüringen, na sehemu za kusini pia.

Na jambo la kazini: mtu akikutajia saa kwa mdomo, mrudishie kwa saa za ratiba. "Also dreizehn Uhr dreißig?" Yaani 13:30? Hakuna Mjerumani atakayeudhika. Ratiba za treni na za zamu zote zimeandikwa kwa saa 24, anazijua.

Sasa hiyo ja. Shika hivi: swali likiwa na neno la kukanusha, nicht, kein au noch nicht, neno "ja" lifungie kabatini. Kama hajapata, jibu "nein". Kama kapata, jibu "doch". Doch ndiyo ile "mbona" yetu. Mama anakuuliza "hujaoga wewe?", unajibu "mbona nimeoga!" Mbona hiyo si swali, inalikanusha swali lenyewe. Ukiisikia doch kama mbona, hutaipoteza tena.

Lakini kwenye dawa usimwachie mtu neno moja hata likiwa sahihi. Jibu sentensi nzima: "Nein, sie hat sie noch nicht bekommen." Hapana, bado hajapata. Bado yetu ndiyo hiyo noch nicht.

Halafu usikiogope Kijerumani kama kigeni. Kilifika Tanga kabla yako. Shule ni Schule, hela ni Heller ya sarafu zao.

Mpemba_Muscat

Assalaam alaykum. Mimi la saa sina elimu nalo, nitasema la namba tu, kwa kuwa nimelila chumvi.

Nilikuja Muscat kijana, nikawekwa kaunta ya duka la vifaa vya umeme. Mwarabu naye anaanza mamoja: 35 ni khamsa wa thalathin, tano na thelathini. Na ajabu ni kuwa thelathini yetu ndiyo hiyohiyo thalathin yao. Maneno tuliyachukua, ishirini, thelathini, arubaini mpaka tisini, lakini mpangilio tukaacha wetu, kumi mbele. Ndiyo maana masikio yanadanganyika. Unasikia neno unalolijua tangu kwenu, unaliamini, kumbe limekaa pasipo pake.

Miezi ya mwanzo nilikuwa naacha nafasi ya kumi, naandika tano, halafu narudi kushoto kuandika tatu. Nakukataza, dada yangu. Siku mtu akisema mia tatu na tano huku kalamu imezoea kuruka, utaacha tundu katikati na tundu litajazwa na mtu mwingine. Nililoliona zuri ni hili: kalamu isiguse karatasi mpaka mwenzio anyamaze. Sikiliza namba yote, itamke kimoyomoyo kwa Kiswahili, "mia na thelathini na tano", ndipo uandike. Mwanzo utaonekana mzito. Baada ya wiki tatu nne hakuna atakayejua.

Na ukishaandika, isome tena tarakimu mojamoja kwa sauti. Moja, tatu, tano. Tarakimu mojamoja hazina mbele wala nyuma.

Fundi wa Altona

Hapo Mpemba kasema kweli, na Wajerumani wenyewe hufanya hivyo kwenye simu. Hata "zwei" huigeuza "zwo" ili isichanganywe na "drei", tatu. Wewe nawe useme zwo, utawafurahisha. Tena Bochum kuna chama chao kinaitwa Zwanzigeins, kinataka watu waruhusiwe kusema ishirini-moja kama inavyoandikwa. Kwa hiyo usidhani ugumu huo unauona wewe mgeni tu.

Dereva_Kassel

Naongezea moja kwa usalama wenu. Neno "umfahren". Ukikaza sauti kwenye "fahren", maana yake zunguka, pita kando. Ukikaza kwenye "um", maana yake gonga uangushe. Mwalimu wangu wa leseni aliponiambia nipite kando ya eneo la ujenzi niliganda kabisa, maana neno hilo nilikuwa nimelisoma kwenye habari za ajali. Nililishika nilipokumbuka barabara yetu. Barabara ya magari sauti inakaa kwenye "ba" ya pili, na barabara ya "sawa kabisa" sauti inakaa kwenye "ra" ya kwanza. Herufi zilezile, hakuna Mswahili anayechanganya. Basi na wao ni hivyohivyo.

Mwalimu_Kakamega

Hamjambo. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na nimeusoma uzi huu mara mbili kwa sababu dada ametaja kitu ninachopambana nacho darasani kila muhula.

Kwanza tahadhari, ikiwa siku moja utafanya kazi na Mwingereza. Yeye husema "half three" kwa kifupi, akimaanisha half past three, saa tisa na nusu. Mjerumani "halb drei" ni saa nane na nusu. Maneno ni ndugu kabisa, tofauti ni saa nzima. Mwingereza na Mjerumani wanaweza kupoteana wao kwa wao hapo, sembuse wewe mwenye saa ya tatu kichwani inayoanza alfajiri.

Kuhusu maswali ya kukanusha, wanafunzi wangu wote hufanya kama wewe. "Haven't you eaten?" "Yes," na tumbo tupu. Sisi tunakubaliana na maneno ya muulizaji: umesema sijala, ndiyo, umesema kweli. Mwingereza anajibu juu ya chakula chenyewe. Siwaambii watoto kwamba wamekosa akili, maana njia yetu ina mantiki yake kamili. Nawaambia kuwa wenye lugha hii wanatazama upande mwingine.

Na Kiingereza kiliwahi kuwa na doch yake. Zamani walikuwa na majibu manne. "Yea" na "nay" yalikuwa ya swali la kawaida, "yes" na "no" yalikuwa ya swali lenye kukanusha, kwa hiyo "yes" ilifanya kazi ya mbona. Katika miaka ya 1530 Thomas More alimshambulia William Tyndale kwa maandishi kwa sababu kwenye tafsiri yake ya Injili, pale Yohana Mbatizaji anapoulizwa kama yeye ni yule nabii, Tyndale aliandika "no" mahali pa "nay". Baadaye yea na nay zikafifia, yes na no zikabaki kubeba mizigo yote miwili. Wafaransa bado wana "si" yao. Waingereza waliipoteza yao, na mimi hulisikitikia jambo hilo, maana neno moja lingewaokoa watoto wangu na alama nyekundu nyingi sana.

Jihadhari pia na "Do you mind if I sit here?", yaani utaudhika nikikaa hapa? Anayekaribishwa kukaa hujibiwa "no". Ukisema yes kwa ukarimu umemfukuza.

Kuhusu namba, hata Kiingereza huanza na mamoja kuanzia 13 mpaka 19. Thirteen ni tatu-kumi, sixteen ni sita-kumi. Zamani walisema hata "four and twenty". Norwei nao walikuwa na mtindo wa Kijerumani, 1951 ikaanza rasmi amri kwamba kumi zitangulie, na mpaka leo wapo wengi wanaosema kwa njia ya kale. Lugha haisikilizi amri haraka.

BintiNgamiani

Nimechelewa kurudi, nilikuwa na zamu sita mfululizo. Asanteni sana, kutoka moyoni.

Fundi, kasoro nusu imeingia siku ileile. Sijui kwa nini sikuiona mwenyewe na kasorobo nimeisema tangu mtoto. Mpemba, kalamu sasa naishika juu mpaka mtu amalize. Jumanne nimeandika presha za watu kumi na mmoja, sijakata hata moja. Dada yule wa koti aliniuliza mbona nasoma tarakimu mojamoja, nikamweleza, na yeye sasa ananisomea hivyo bila kuombwa.

Doch nimeijaribu kwa bibi yangu wa kidonge cheupe. Juzi wakati wa chakula cha jioni alinitazama akasema, wewe mtoto leo hujala kitu, "Sie haben noch nichts gegessen". Nikamjibu "doch", supu na mkate. Akasema sauti yangu haikuwa na nguvu, doch husemwa kwa kifua. Akanirudisha mara tatu, ananipigia meza kwa kidole. Nikamwambia kwetu ni "mbona". Akaniuliza inasemwaje, nikamwambia.

Na kwenye dawa nimeacha neno moja moja kabisa. Najibu sentensi nzima, na aliyeuliza namwonyesha kisanduku.

Mwalimu, hiyo ya do you mind nimeiandika, nina binamu Birmingham.

Kesho naingia dreiviertel sechs, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Nimeuliza, ni 5:45. Nakwenda kulala.