Urea tani 500 Dar–Bujumbura: lori moja kwa moja, au reli na tishari kupitia Kigoma?

Mzigo_Mkubwa
Wakuu, mzigo ni mbolea ya urea, mifuko ya kilo 50, kutoka bandari ya Dar hadi ghalani Bujumbura. Lori linapita Dodoma, Singida na Kahama, linavuka mpaka wa Burundi pale Kabanga. Njia ya pili ni reli hadi Kigoma, km 1,250 hivi, kisha tishari (chombo bapa cha mizigo) kwenye Ziwa Tanganyika. Bei za mfano kwa tani: lori dola 120. Ziwani: reli 60, kushusha na ghala Kigoma 8, kupakia 6, tishari 20, kushusha 6, lori la mjini 7. Jumla 107. Naokoa 13 kwa tani. Nimeruka nini?

Karani wa Shehena
Umeruka muda na upungufu. Urea ikiwa dola 500 kwa tani, na mkopo wa benki asilimia 18 kwa mwaka, siku 20 za ziada njiani zinakula 500 × 0.18 × 20 ÷ 365, karibu dola 5. Mifuko ikipasuka au kulowa asilimia 1, dola 5 nyingine. Kwenye 13 yako zimebaki 3. Rudia hesabu hiyo kwa vitenge vya dola 2,000 kwa tani: riba peke yake inakaribia 20, tishari limeshashindwa kabla halijang'oa nanga.

Tela_Tatu
Lori nalo lisihesabiwe kwa kilomita tu. Kwa ekseli 6, mwisho unaoruhusiwa ni tani 50 kwa jumla, gari na mzigo: mbele 8, za kuvuta 18, za tela 24. Toa uzito wa gari, unabaki na tani 28 hivi, yaani mifuko 560, malori 18. Jumla inaweza kuwa sawa na bado ukakwama mizani Vigwaza kwa sababu mifuko imerundikwa mbele na ekseli za kuvuta zimezidi. Hapo ni kuwalipa makuli wahamishe mzigo, juu ya faini. Halafu bei hupangwa na safari ya kurudi: gari likirudi tupu, mafuta ya kurudi unalipa wewe.

Gatini
Pesa ya njia ya ziwa haiko majini, iko gatini. Mfuko wa lori unashikwa mara 2. Wako utashikwa mara 5: meli hadi behewa, behewa hadi ghala, ghala hadi tishari, tishari hadi lori, lori hadi ghala. Reli inafika gatini Kigoma, kwa hiyo panga mabehewa 13 (tani 40 kila moja) yafike tishari likiwa limeshafunga kamba gatini, mshushe moja kwa moja. Ile 8 ya ghala inapungua sana, na mfuko unashikwa mara 4.

Mzigo_Mkubwa
Mkuu, mabehewa yakija nusu nusu je?

Gatini
Basi tishari linasubiri na demareji (malipo ya kukichelewesha chombo) inaanza kuhesabu. Masika ndiyo mbaya zaidi, maji hukata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Weka siku za bure kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Karani wa Shehena
Tusihukumu ziwa lote kwa Bujumbura. Mzigo wa Kalemie, upande wa Kongo, ukishafika Kigoma hauna mjadala, ng'ambo ni maji tu. Saruji na sukari ya Zambia nazo hupanda meli bandari ya Mpulungu, kusini mwa ziwa, hadi Bujumbura, karibu urefu wote wa ziwa lenye km 673, kwa sababu barabara ya Tunduma ni mzunguko mkubwa mno kwa mzigo wa bei ndogo.

Tela_Tatu
Mbolea ina msimu. Wakulima wa Burundi wanapanda kuanzia Septemba, kwa hiyo unasafirisha Julai na Agosti, kusi likivuma.

Gatini
Ndiyo, na tishari liko chini, wimbi linapanda sitahani. Urea iingie ngamani (tumboni mwa chombo), si juu. Tandika paleti, acha nafasi kati ya mifuko na ukuta wa chuma kwa sababu chuma hutoa jasho usiku, funika turubai mbili. Pakieni kwa tabaka kwa urefu wote wa chombo, msijaze kichwa kwanza, kitainama. Ongeza mifuko mitupu 200 ya kubadilishia iliyopasuka.