Tarumbeta za shule zinakwama, na bendi ikipiga pamoja sauti zinagombana

Mwl_Gwaride: Wakuu, habari za kazi. Bendi ya shule ina tarumbeta 6, saksafoni alto 2, tromboni 2 na ngoma, vyote vilikaa stoo muda mrefu. Pistoni za tarumbeta (vile vitufe vitatu vya juu) ukizibonyeza hazirudi. Halafu wote wakisoma karatasi moja ya nota, sauti hazikubaliani kabisa. Mahafali ni wiki 5 zijazo. Nianzie wapi?

Shaba_Fundi: Usafi kwanza. Toa pistoni moja, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, malizana nayo ndipo ushike nyingine. Zina namba 1, 2, 3. Ukizichanganya, mtoto atapuliza mpaka mishipa imtoke na hewa haipiti. Mwili wa tarumbeta uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maji ya moto yanabandua rangi. Kausha, tia pistoni matone 3 hadi 5 ya mafuta yake maalumu, irudishe na kuizungusha taratibu mpaka isikike "tik". Mafuta ya kupikia yanaganda kama gundi, ya cherehani ni mazito. Msasa usiguse kabisa: pistoni ikilika hata kidogo, hewa inavuja. Mabomba ya kutunia (yanayovutwa kurekebisha sauti) yapake vaselini. Kipande cha mdomoni kikikwama usikivute kwa koleo, utang'oa kiungo cha bomba.

Alto_na_Tena: Sauti kugombana si uchafu, mwalimu, ni hiyo karatasi. Fotokopi moja kwa bendi nzima haifai. C ya tarumbeta kwenye kinanda ni B flati (B iliyoshushwa nusu toni). C ya alto ni E flati. Ili wote watoe B flati ya kinanda, tarumbeta asome C, alto asome G, tromboni apige B flati bomba likiwa ndani lote. Kwa hiyo wimbo mmoja unaandikwa mara 3. Karatasi ya alto itoe kwenye ya tarumbeta: C iwe G ya juu yake, nota zote zifuate hivyo, na mwanzoni mwa mstari ongeza shapu moja, yaani alama ya kupandisha nusu toni (au punguza flati moja).

Kabla ya kutuni wapulize dakika 10, maana ala ya baridi iko chini na ikipata joto inapanda. Programu ya simu ya kutunia iweke A = 440, kipimo cha kawaida. Tarumbeta akipiga C itaonyesha B flati, usishtuke. Sauti yake ikiwa juu mno, avute bomba kubwa la kutunia nje kidogo. Alto naye avute nje kidogo kipande cha mdomoni pale kilipovalishwa kwenye gamba laini (cork) la shingo ya ala. Mkitoka darasani kwenda juani, tunini upya.

Mwl_Gwaride: Asanteni sana. Tarumbeta tano zimepona. Ya sita, pistoni ya 2 inakwama hata kwa mafuta.

Shaba_Fundi: Inakwama pale pale kila mara? Basi nyumba yake (bomba inamopanda na kushuka) imebonyea. Angalia kijibomba kilichotokeza ubavuni mwa pistoni hiyo: tarumbeta ikilazwa upande huo, uzito wote unakaa juu yake. Usigonge, mpe fundi. Na watoto wawe wanailaza kijibomba kikiangalia juu.