Ralph alipigiwa kura, sasa mbona watoto wakaishia kwa Jack?

MwanaSahare
Wadau habari za jioni. Nipo Tanga hapa, kuna madogo wa mtaani nawasomesha kingereza barazani baada ya alasiri, tumemaliza Lord of the Flies ya William Golding, ile ya 1954, watoto wa Kiingereza ndege imeanguka wako kisiwani hakuna mtu mzima hata mmoja. Wameniuliza swali nimekwama. Mwanzo wanapiga kura ya kiongozi, Ralph anapita, Jack mkuu wa kwaya ya shule anaambulia kwaya yake tu na hao kwaya wenyewe wananyanyua mikono kama wamelazimishwa. Baadae Jack anaitisha kura ya kumng'oa Ralph, HAKUNA mkono hata mmoja, machozi yanamtoka, anaondoka peke yake. Kidogo tu mbele watoto karibu wote wako kwake! Dogo mmoja kasema ticha, hapa mwandishi kakosea. Nimewaahidi jibu kesho.

Pweza_Mkavu
Hajakosea mkuu. Kumkataa Ralph hadharani ilikuwa aibu, ndo maana mikono haikunyanyuka, halafu wakaanza kujitoa kimyakimya mmoja mmoja. Jack ana nyama. Ralph ana nini? Chungeni moto, jengeni vibanda, ipo siku meli itaona moshi. Na meli ilipita kweli, moto umezimika, kisa Jack kawachukua waliokuwa zamu akaenda nao kuwinda, yaani kosa lake kabisa ila karudi na nguruwe nani atamsikiliza Ralph tena. Ralph mwenyewe alitaka kuikataa ile nyama akashindwa, akaitafuna hivohivo nusu mbichi. Pale nilimuonea huruma aisee.

BintiChumbageni
Mie nasema alishapoteza siku ya kwanza. Kashinda kura, anamuona mwenzie kanuna, anamwambia kwaya bado ni yako, fanya nao unachotaka, Jack akasema watakuwa wawindaji. Sasa umeshinda uongozi halafu wenye visu unampa uliyemshinda?? Na yule Piggy (yaani kinguruwe) mwenye akili kuliko wote aliomba jina hilo asiitwe, Ralph akalitangaza mbele ya kundi zima. Mtu wako wa karibu unamchekesha watu, kesho akiongea nani atamheshimu.

MzeeWaDago
Nyie someni pale kina Jack wanapovamia kibanda usiku. Piggy kadhani wamefuata lile kombe la pwani wanalolipuliza kama baragumu kuitana kikao. Wala hawakuligusa, walichukua MIWANI yake, maana ndo kiberiti chao, wanakusanyia jua kwenye vioo vyake, bila miwani hakuna moto. Mie nikiwa kijana nilikwenda dago, kambi ya wavuvi, na baba mdogo upande wa kisiwa cha Yambe, nahodha alikuwepo na heshima yake, ila maji yalipobaki dumu moja kila mtu akawa anamwangalia anayelala karibu na dumu. Jamaa hata kupiga kasia vizuri hajui lakini siku mbili zile alitukalia kichwani, nahodha mwenyewe anamwita kaka. Lile kombe lilikuja kuvunjika siku Roger, mtu wa Jack, alipomporomoshea Piggy jiwe, lakini kazi yake ilishakwisha kitambo.

Tongoni2
Samahani wakuu lakini hiyo ni hadithi. Mwaka 1965 vijana 6 wa Tonga kule Pasifiki walikwama kweli kisiwa cha 'Ata zaidi ya mwaka, wakagawana zamu, moto hawakuuacha uzimike, mmoja akavunjika mguu wenzie wakamfunga akapona. Peter Warner, nahodha wa Australia, akawakuta 1966 wazima. Golding alikuwa mwalimu na alipigana vita kwenye jeshi la majini, labda alishawachoka binadamu tu.

Pweza_Mkavu
Tongoni2 hao 6 walikuwa marafiki toka shule, waliiba mashua pamoja! Wa kitabuni wengi wamejuana palepale ufukweni na wana vitoto vya miaka sita vinaota zimwi kila usiku. Jack kawaambia zimwi lipo na mie ndo mwindaji, unategemea watoto watalala kwa nani?

MwanaSahare
Dah ile ya miwani nilipita nayo tu, kesho naanza nayo. Sasa MzeeWaDago umenitia wasiwasi, monita wangu tulimpigia kura lakini ufunguo wa sanduku la vitabu anao huyuhuyu dogo anayesema mwandishi kakosea, na leo nimeona wenzie wanambebea begi 😂