Kusuuza mashine ya boti kwa maji baridi (yasiyo ya bahari): dakika ngapi?

Mshipi40: Habari zenu mafundi. Mashine ni HP 40 ya kuchanganya oili, inabebwa nyumbani kila ikirudi baharini. Mfereji hauna presha, kwa hiyo ni pipa tu. Dakika tano zinatosha? Na tundu la kukojolea, lile linaloonyesha maji ya kupoza yanazunguka, likitoa maji membamba kuliko kawaida, ni chumvi au ni impela, yaani feni ya pampu ya maji?

Fundi Gati: Tano hazitoshi, kwa sababu ya thamostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto. Mashine ikiwa baridi thamostati imefunga. Itakojoa vizuri tu, ila juu kwenye silinda maji hayapiti inavyotakiwa. Ngoja ipate moto, ndipo uhesabu dakika 10 hadi 15, sailensa (mzunguko wa chini bila kuongeza mafuta), nyutro, propela umeshaitoa.

Pipa la lita 200 likate mdomo wote. Maji yapande juu ya lile bamba lililo juu ya propela, yazidi kwa kiganja kizima, na uchungulie kila mara maana moshi unayarusha nje. Jaza kwanza, washa baadaye: impela ni ya mpira, ikizunguka kavu hata sekunde chache mapezi yanaungua. Maji ya kwanza yanabeba chumvi yote, yanazunguka nayo humo humo. Mwaga, jaza tena, malizia na masafi.

Nanga: Kuhusu mkojo mwembamba, usikimbilie kushusha mguu, ile sehemu ya chini yenye pampu na propela. Chomoa kimpira kinacholeta maji kwenye tundu. Maji yakitoka humo kwa nguvu, kilichoziba ni tundu lenyewe. Pitisha waya laini. Yakitoka kinyonge, angalia kwanza chujio la mguuni kama halina mwani au nailoni, kisha fungua pampu. Mapezi yaliyolala yakakakamaa ni ya kubadilisha hata kama hayajakatika. Pezi likikosekana, tafuta kipande chake, kimepanda na bomba na kitakuja kuziba juu. Impela mpya ipake sabuni ya maji, uiingize huku ukizungusha shafti upande wake wa kawaida, na kii yake, kile kichuma kinachoishikiza kwenye shafti, usiiache mezani!

Mshipi40: Asante. Kisima changu kina chumvichumvi, nitie siki?

Nanga: Kisima hicho bado ni afadhali mno, bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Chumvi huyeyuka kwa maji matupu. Siki ni ya ile gaga nyeupe ngumu, na ukiiacha ikalala ndani itakula aluminiamu. Thamostati ifungue, isugue, kisha ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji motoni uone kama inafunguka karibu na nyuzi joto zilizopigwa chapa juu yake.

Fundi Gati: Nyongeza kwa wenye Yamaha za four stroke (zisizochanganyiwa oili) zenye mdomo wa kufungia mpira wa bustani: hapo mashine haiwashwi kabisa, maji hayo hayafiki kwenye impela.

Na mkimaliza, isimamisheni wima mpaka iache kuchuruzika. Ikilazwa mapema kichwa kikiwa chini, maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yanaingia silinda.